Mzee wa Chanji asitolewe uwanjani kabla ya dakika 90

Sumbawanga. Taja Oktoba 22, 2020 kwenye kijiwe chochote cha Kata ya Chanji, mazungumzo mengine yatasimama kwanza. Siku hiyo, kwenye Uwanja wa Nelson Mandela mjini hapa, Tanzania Prisons iliyokuwa imehamishia makazi yake Rukwa iliifunga Simba, bingwa mtetezi wa Ligi Kuu, bao 1-0. Mfungaji Samson Mbangula. Wapo wanaolisimulia bao lile kana kwamba walilipiga wao.

Wazee nao wanalisimulia. Lakini muulize mzee wa miaka 70 swali dogo tu: ikitokea mechi kama ile Jumamosi hii, utatoka Chanji kwa miguu, usimame dakika zote 90, kisha urudi nyumbani bila kuita bodaboda? Wengine watajibu ndiyo kabla hujamaliza kuuliza. Wengine watacheka, mkono ukiwa umeshika goti.

Kinachowatenganisha si miaka peke yake. Yupo wa 75 anayeelekea shambani na jembe begani asubuhi ya Juni, baridi ya Ufipa ikimng'ata masikio, na yupo wa 62 ambaye kumnyanyua kwenye kochi ni kazi ya watu wawili. Na mara nyingi huyu wa kochi hakuvunjika wala hakuugua. Alipumzishwa.

Mama, pumzika sasa

Mambo huanza kwa nia njema kabisa. Chukua mfano wa mama wa miaka 68. Mtoto wake amepata kazi Mbeya au Dar es Salaam, amerudi Krismasi, anamkuta mama anatoka kuchota maji, ndoo kichwani. Roho inamuuma. Tena majirani watasemaje? Kabla likizo haijaisha ameshavuta bomba hadi uani, ameweka kibarua wa shamba, amenunua kochi na televisheni, na fundi anajenga choo cha kukalia. "Mama, umehangaika sana na sisi. Pumzika sasa." Mama anapokea, anambariki mwanawe.

Mwaka wa kwanza mambo ni matamu. Mwaka wa pili mama anaanza kujisukuma kwa mikono ili asimame. Wa tatu anatembea ameshika ukuta, kanisani haendi tena kwa sababu ya kile kilima kidogo cha njiani, na wajukuu wanamletea kila kitu alipo. Watu wa mtaani wanasema mama fulani amezeeka ghafla.

Kwa lugha ya mpira, huyo ni mchezaji aliyetolewa dakika ya 60 akiwa hajaumia, hajachoka na hana kadi. Mchezaji akikaa benchi msimu mzima kila mtu anajua atarudi vipi: mzito, pumzi hana, nyama za paja zinamkaza dakika ya 20. Hakuna anayesema amezeeka. Wanasema hajacheza. Kwa mzee hesabu ni ileile, ila yeye benchi linamla haraka zaidi.

Haraka kiasi gani? Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio la kuwalaza kitandani wazee wenye afya njema, wastani wa miaka 67, kwa siku 10 tu. Walipoinuka, miguu yao ilikuwa imepoteza karibu kilo moja ya nyama, na nguvu ya kunyoosha goti ilikuwa imeshuka kwa karibu asilimia 16. Siku 10, si miezi 10. Ndiyo maana bibi aliyelazwa na malaria wiki moja na nusu anaweza kutoka wodini amepona kabisa malaria yake, halafu akashindwa na ngazi mbili za mlangoni kwake. Familia ikidhani anahitaji kupumzika zaidi, inammalizia kazi ile kitanda kilichoanza.

Mwisho wa safari hiyo ni kuanguka. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na kundi linaloongoza ni wenye miaka zaidi ya 60. Huku kwetu mtu haanguki akiwa anafanya jambo la ajabu. Anaanguka saa nane usiku akienda choo cha uani, Januari, tope limejaa, kandambili imelika soli, tochi haina betri. Nyonga ikivunjika, mkulima aliyekuwa anajitegemea anakuwa mgonjwa wa kugeuzwa kitandani.

Vikongwe wa Boston

Swali linalobaki ni kama misuli ya mzee, ikishalala, inaweza kuamka. Jibu lilipatikana zamani. Mwaka 1990, Dk Maria Fiatarone na wenzake waliwachukua wakongwe 10 wa nyumba ya kulelea wazee mjini Boston, Marekani, wastani wa miaka 90, wengi wao wakiwa na magonjwa zaidi ya moja. Waliwanyanyulisha uzito wa maana kwa miguu kwa wiki nane. Tisa walimaliza. Nguvu za mapaja ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili wakaacha kutembelea fimbo.

Watu wa miaka 90 hao! Hawakupewa sindano wala dawa ya ajabu. Walipewa kile ambacho kocha yeyote wa Ligi Kuu huwapa wachezaji wake wakati wa maandalizi ya msimu: mzigo, mapumziko, kisha mzigo ulioongezeka kidogo. Na kama wachezaji, walipoacha mazoezi nguvu zikaanza kushuka.

Hapa pana jambo linalochanganywa sana. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatajwa kuwa siku ya mazoezi nchini. Tangu hapo tumezoea picha za viongozi na vikundi vya jogging wakitembea barabarani na fulana mpya. Ni jambo jema. Matembezi yanajenga moyo na pumzi, yanashusha sukari na presha. Lakini kwa mzee hayatoshi. Mwaka 2019 watafiti walikusanya pamoja majaribio 108 yenye washiriki zaidi ya 23,000, wakaona kuwa mazoezi hupunguza kuanguka kwa wazee kwa karibu asilimia 23. Yaliyofanya kazi vizuri ni ya kujenga usawa wa mwili na nguvu za miguu. Kwa kutembea peke yake, ushahidi haukusimama.

Mwongozo wa WHO wa mwaka 2020 unakwenda njia hiyo hiyo: mwenye miaka 65 na kuendelea apate dakika 150 hadi 300 za kujishughulisha kwa wiki kwa kiwango cha wastani, azoeze misuli angalau siku mbili, na angalau siku tatu afanye mazoezi yanayochanganya nguvu na usawa. Siku tatu kwa wiki, siyo mara moja kwa mwezi na fulana.

Gym iliyokuwa jikoni

Sasa tazama maisha ya mama yule kabla ya kochi. Mafiga yake yako chini, kwa hiyo kupika ni kuchuchumaa na kuinuka, au kukaa kigodani ambako kunyanyuka kwake kunadai mapaja kweli. Choo cha shimo, kuchuchumaa tena. Akikutana na mkubwa wake njiani, kwa desturi za huku, anapiga goti kusalimia, na aliyepiga goti lazima ainuke. Bado hajaenda shambani. Vijana wa mjini wanalipia gym zoezi hilohilo, mbele ya kioo.

Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi wametoa somo hili kwa dunia nzima. Watafiti waliowafunga vipimo vya mwendo walichapisha mwaka 2020 kwamba Wahadzabe hupumzika karibu saa 10 kwa siku, muda unaolingana na wa watu wa mijini. Ila sehemu ya mapumziko yao ni ya kuchuchumaa au kupiga magoti, na katika mkao huo misuli ya miguu haizimiki. Kochi linaizima.

Ufipa ilikuwa na kazi yake kubwa zaidi, ntumba. Majani hukatwa, hukusanywa na kufukiwa chini ya udongo uliogeuzwa, yakaoza ndani ya vile vilima vya mviringo kabla ya kutawanywa na kupandwa ulezi. Aliyelima hivyo miaka 40 alikuwa anainua, anageuka, anasukuma na kusimama kwa mguu mmoja kwenye ardhi isiyo sawa, bila kuhesabu. Siku hizi plau ya ng'ombe na mbolea ya dukani vimeipunguza sana kazi hiyo, na hakuna wa kumlaumu mkulima kwa kuchagua nafuu.

Na tusidanganyane, jembe nalo si dawa ya kila kitu. Linakunja mgongo saa nne mfululizo, linachosha magoti, halafu mavuno yakishaingia ghalani mwili unakaa bure mpaka mvua za Novemba. Mtu anayelima miezi sita na kukaa sita ni kama timu inayofanya mazoezi mzunguko wa kwanza tu. Ndoo kichwani vilevile: utafiti uliofanyika Kenya na kuchapishwa mwaka 1986 ulionyesha kuwa wanawake waliozoea kubeba kichwani waliweza kutembea na mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila mwili kutumia nguvu ya ziada. Ni ustadi wa hali ya juu. Lakini mwenye miaka 70 ambaye shingo inamuuma hapaswi kulazimishwa ndoo ya lita 20 ili tu utafiti upendeze. Galoni mbili za lita tatu, moja kila mkono, zinamtosha, na pia zinamfundisha kutembea wima.

Kipimo cha nusu dakika

Kabla ya kuanza, mtu ajijue yuko wapi. Kipimo hiki hakihitaji hospitali. Weka kiti cha mbao kisicho na mikono, kiegemee ukuta. Mzee akae katikati, mikono aipishanishe kifuani, nyayo chini. Mjukuu ashike simu yenye saa. Kwa sekunde 30 mzee asimame wima na kukaa, mara nyingi awezavyo, bila kujisukuma kwa mikono.

Vituo vya kudhibiti magonjwa vya Marekani, CDC, vinatumia viwango hivi: mwanamume wa miaka 60 hadi 64 afikishe 14, mwanamke 12. Miaka 70 hadi 74, mwanamume 12, mwanamke 10. Miaka 80 hadi 84, mwanamume 10, mwanamke 9. Aliye chini ya hapo yuko kwenye hatari ya kuanguka hata kama leo anajiona mzima. Asiyeweza hata mara moja bila mikono asikate tamaa, ila aanzie kwenye kiti kirefu zaidi au ajisaidie na mikono, na kila wiki aipunguzie mikono kazi.

Mazoezi yenyewe ni machache. La kwanza ni hilohilo la kiti: mara nane hadi kumi, pumzika, rudia, siku tatu kwa wiki, na likishakuwa jepesi shika galoni la maji kifuani. La pili, shika fremu ya mlango, nyanyuka kwa ncha za vidole vya miguu, shuka polepole. La tatu, simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, sekunde 10, kisha badilisha. La nne, panda na kushuka kizingiti au ngazi moja, na kushuka ndiko kuwe polepole kuliko kupanda. Wanaoijua Lyamba lya Mfipa watakubali: kupanda kunamaliza pumzi, lakini mapaja yanaungua wakati wa kushuka, na wengi huanguka wakishuka.

La tano watu wengi hawalifikirii, nalo linaweza kuokoa maisha. Ni kujifunza kuinuka kutoka chini. Mzee alale mkekani, ageuke ubavu, ajisukume kwa mikono apige magoti, ashike kiti, atangulize mguu wenye nguvu, ainuke. Mtu wa familia awe karibu. Anayejua njia hii, akianguka bila kuvunjika, hatalala sakafuni kwenye baridi ya Julai mpaka asubuhi.

Anayehisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukatika pumzi asimame hapohapo na aende kwa daktari, na mwenye presha isiyotulia au aliyewahi kupata kiharusi amwone kwanza kabla hajaanza. Misuli kuuma kidogo siku ya pili si ugonjwa, wachezaji wote wanaijua hiyo. Goti linalovimba ni habari nyingine.

Halafu kuna sahani. Misuli haijengwi kwa ugali mtupu, na wazee wengi hula kidogo, tena nyama wanawaachia watoto. Wataalamu wanapendekeza mzee apate gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani mwenye kilo 50 apate gramu 50 hadi 60. Yai moja lina kama gramu sita. Rukwa haina sababu ya kukosa: maharage yako kila ghala, dagaa na migebuka inapanda kutoka Ziwa Tanganyika, samaki wanatoka Ziwa Rukwa. Dagaa waliokaushwa wakitwangwa na kuchanganywa kwenye mboga, hata asiye na meno anakula.

Mstari wa pembeni

Mwaka 2010 timu ya soka ya mabibi kutoka Limpopo, Afrika Kusini, iitwayo Vakhegula Vakhegula, ilisafiri hadi Lancaster, Massachusetts, kucheza mashindano ya wakongwe yanayoitwa Veterans Cup. Jina lao lina maana ya mabibi vizee. Aliyewaanzisha, Beka Ntsanwisi, alianza na mazoezi tu baada ya yeye mwenyewe kuugua saratani. Mpira ulifuata baadaye, na wanakijiji waliowacheka mwanzoni wakawa mashabiki.

Chanji haihitaji kuanza na safari ya Marekani. Inahitaji nusu saa ya uwanja. Timu za vijana zinafanya mazoezi jioni, na kila uwanja una mstari wa pembeni, hata kama ni wa majivu. Kutembea juu ya mstari huo, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, ni zoezi la usawa linalotumika hospitalini. Kocha wa vijana anayejua kupasha misuli tayari anajua theluthi mbili ya kile mzee anachohitaji. Kinachobaki ni kumwambia apunguze kasi na aweke kiti.

Kalenda ya michezo ya nchi ina UMITASHUMTA kwa shule za msingi, UMISSETA kwa sekondari na SHIMIWI kwa watumishi wa wizara na mikoa. Mzee hukumbukwa zaidi Oktoba 1, Siku ya Wazee Duniani, anapokalishwa chini ya turubai kusikiliza hotuba. Kumkalisha, tena.

Kwa watoto walioko Mbeya na Dar, hakuna anayewaambia warudishe kochi dukani au wamtume mama kisimani. Bomba libaki, choo kipya kibaki, ila fundi apigilie gongo imara ukutani la kushika, na taa iwekwe njiani. Kibarua alime mashamba makubwa, mama aachiwe bustani ya mboga na kuku wake, na asiletewe kila kitu alipokaa. Fedha ya Krismasi ijayo inunue viatu vya kufunga, vyenye soli isiyoteleza.

Wanaume ndio wagumu zaidi. Mama hata akipumzishwa ataamka kumfuata mjukuu. Mzee wa kiume akishaacha kazi huhamia kwenye bao au drafti, anaketi saa nne mchana na kuinuka saa kumi. Hakuna haja ya kuwavunjia kijiwe. Iongezwe sheria moja tu: kila mchezo ukiisha, wote wasimame, na aliyefungwa akae na kuinuka mara tano bila mikono, mshindi akihesabu kwa sauti.